KAMIONETI YA EKIPI: BASHI NA GALERI NI KWA VYOMBO, WATU WAKAE NDANI

Usalama na Afya



Kuanzia kazi moja mpaka kazi tano, kamioneti inabeba vyuma, bidoni na mifuko. Siku ya posho inapofika, kamioneti ileile inageuka kuwa gari la mpira. Inapakia mipira, jezi, nyavu, bendera za pembeni, sanduku la dawa na maji ya kunywa. Kisha, mzigo ukiisha kupangwa, wachezaji nao wanapanda na kukaa juu yake, na watoto wanaotaka kuona mechi wanajipenyeza katikati yao. Ekipi moja inatoka Kipushi kwenda Lubumbashi, karibu kilomita 30. Nyingine inatoka Likasi, karibu kilomita 120. Nyingine inatoka Kolwezi, karibu kilomita 300. Wanaimba wakienda, wanaimba wakirudi. Ukurasa huu unataka waendelee kuimba.

Ekipi ikipata feza kidogo, ao mfanyakazi akinunua kamioneti yake mwenyewe, maulizo yanaanza: niweke bashi, ao kifuniko kigumu, ao kibanda? Na galeri ya juu, nimpe fundi wa kuchomelea aitengeneze, ao niinunue? Ni maulizo mazuri, na leo tutayajibu moja moja. Lakini shika neno hili tangu mwanzo, kwa maana yote yanayofuata yanalizunguka: bashi, kibanda na galeri vinatunza vyombo, havitunzi mtu. Kifuniko kilekile kinachookoa jezi zako na mvua kinaweza kumwua mtoto wako safari ileile.

ANZA NA MZIGO, USIANZE NA DUKA

Watu wengi wanakwenda kwanza kuangalia bashi lenye rangi nzuri. Hiyo ni kupanda mti kwa kuanzia juu. Kwanza andika kwenye karatasi vyombo vyote vya ekipi, urefu wake na uzito wake. Ndipo utajua unahitaji nini.

Mpira mmoja wa ukubwa wa kawaida una uzito wa gramu 410 mpaka 450. Mipira kumi na miwili haifiki kilo sita. Basi mipira si mzigo wa uzito, ni mzigo wa nafasi: inakula bene yote na inaruka njiani kama haikuwekwa ndani ya wavu. Maji ni kinyume chake. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20 na zaidi, na ikiachwa bila kufungwa ni jiwe. Milango ya mpira ya kubeba, ile ya mabomba ya chuma, ni taabu ya urefu. Mlango wa kiwanja kikubwa una upana wa mita 7 na sentimita 32, na urefu wa mita 2 na sentimita 44. Hata ukikata bomba la juu katika vipande viwili, kila kipande kina mita 3 na sentimita 66.

Sasa pima bene yako. Kamioneti ya kabini mbili (yenye milango minne) ina bene ya karibu mita 1 na nusu tu. Kamioneti ya kabini moja ina bene inayozidi mita 2. Kipande cha bomba cha mita 3.66 kikilala ndani ya bene ya mita 1.50, zaidi ya mita 2 zinabaki nje nyuma. Hapo umekwisha kujua kwamba mabomba hayo yanataka galeri, na kwamba bashi peke yake halitakusaidia.

Kisha soma plaki ya gari na kitabu chake. Kamioneti nyingi za barabara zetu zinaruhusiwa kubeba karibu tani moja, na ndani ya tani hiyo wamehesabu shofa, abiria, mizigo, galeri na kibanda chenyewe. Kibanda kigumu kinaweza kuzidi kilo 50. Galeri ya chuma kizito vilevile. Uzito huo unautoa kwanza, kabla hujaweka hata jezi moja.

Tufanye hesabu nyingine. Watu 18 wenye kilo 65 kila mmoja ni kilo 1,170. Ni kusema, ekipi ikipanda yote ndani ya bene, gari limekwisha kuzidiwa hata kabla ya mpira wa kwanza kupakiwa. Freni zinachelewa, pine zinapata moto, na katika kona gari linataka kulala ubavu kwa sababu uzito wote uko juu.

HESABU YA FRENI

Kwa nini tunasema sana juu ya kufunga mizigo? Kwa sababu gari linaposimama ghafula, mzigo hausimami nalo. Unaendelea na mwendo wake mpaka ukute kitu cha kuuzuia: kioo cha nyuma ya kabini, mgongo wa mtu, ao barabara.

Kitu kinachokwenda kilomita 50 kwa saa kina nguvu sawa na kitu kilichoanguka kutoka mita 10 juu, kama kutoka juu ya nyumba ya gorofa tatu. Kwa kilomita 80 kwa saa, ni kama kuanguka kutoka mita 25. Wewe unayefanya kazi mgodini unajua ufunguo wa chuma unaoanguka kutoka mita 10 unafanya nini, ndiyo maana unavaa kofia ngumu. Siku ya mechi hakuna anayevaa kofia, na bidoni ya maji ni nzito kuliko ufunguo.

Katika nchi za Ulaya, watu wa kazi ya kufunga mizigo wanatumia hesabu rahisi. Vifungo vishike sehemu nane katika kumi za uzito wa mzigo upande wa mbele, na nusu ya uzito upande wa kushoto, wa kuume na wa nyuma. Sanduku la kilo 40, basi, lishikwe kama vile kilo 32 zinalivuta mbele na kilo 20 zinalivuta pembeni. Hesabu hiyo inafaa Likasi kama inavyofaa mahali pengine, kwa maana freni haziulizi nchi.

BASHI, KIFUNIKO KIGUMU, AO KIBANDA?

Kuna namna tatu kubwa. Kila moja ina uzuri wake na ubaya wake.

Ya kwanza ni BASHI, yaani turubai. Bei yake ni ndogo, linakunjwa likiisha kazi, na linapokea mzigo wa umbo lolote. Kwa jezi na nyavu wakati wa mvua, toka Novemba mpaka Machi, linatosha. Chagua lenye kitambaa kizito, pindo lililoshonwa mara mbili, na matundu ya kamba yenye pete za chuma karibu karibu. Matundu yakiwa mbali, upepo unaingia katikati na kulipasua. Lakini kumbuka: bashi linazuia mvua na upepo, halizuii uzito. Mizigo ifungwe kwanza kwa mikanda yake yenyewe, bashi lije juu kama shuka. Anayetegemea bashi peke yake kushika bidoni amefunga mbuzi kwa uzi wa kushonea. Bashi lililolegea linapigapiga, kamba zake zinakatika, na linaweza kuruka na kufunika kioo cha gari la nyuma.

Ya pili ni KIFUNIKO KIGUMU BAPA, cha aluminiamu ao cha plastiki ngumu, kinacholala sawa na kingo za bene. Kina kufuli, kwa hiyo vyombo haviibwi wakati watu wote wako kiwanjani. Uzito unabaki chini, na hiyo ni faida kubwa katika kona. Ubaya wake: hakikubali kitu kirefu kuliko kingo za bene, na bei yake ni kubwa. Tena usiweke mzigo juu yake kama aliyekitengeneza hakuruhusu. Kwa ekipi yenye mipira, jezi, viatu na sanduku la dawa, hiki ndicho kizuri kuliko vyote, na kina faida nyingine ambayo hakuna muuzaji anayeisema: hakuna mtu anayeweza kukaa chini yake.

Ya tatu ni KIBANDA, kile cha kufunika bene yote mpaka usawa wa paa la kabini, chenye madirisha na mlango wa nyuma. Kinabeba vingi, kinafungwa kwa ufunguo, hata baiskeli inaweza kuingia ikilazwa. Lakini kinaongeza uzito juu, kinamzuia shofa kuona nyuma kama madirisha yake ni machafu, na kinamdanganya mtu. Kinafanana na chumba. Mtu akiona chumba chenye madirisha, anasema, «Watoto wakae humo, hawatapata baridi ya mwezi wa sita.» Hapo ndipo hatari kubwa inapoanza.

VUMBI NI SHAHIDI

Wakati wa kiangazi tazama kamioneti yenye kibanda iliyotoka katika barabara ya udongo. Mbele ni safi kidogo, lakini mlango wa nyuma umejaa vumbi jekundu, na ukifungua, vumbi liko ndani vilevile, juu ya jezi. Limeingiaje, na gari lilikuwa linakwenda mbele, linaliacha vumbi nyuma?

Sababu yake ni hii: gari linapokimbia linasukuma hewa, na nyuma yake panabaki pahali penye hewa pungufu. Hewa ya nyuma inarudi kujaza pahali pale, nayo inaleta vumbi na kuliingiza katika kila ufa. Sasa fikiri: bomba la moshi linatoka wapi? Nyuma, palepale. Njia inayopitisha vumbi inapitisha na moshi. Vumbi unaliona kwa macho. Moshi una kitu ndani yake usichokiona.

Kitu hicho ni gesi ya monoksidi ya kaboni. Ninyi mnaofanya kazi chini ya ardhi mnaijua: ni moja ya gesi zinazobaki baada ya baruti kupigwa, ndiyo sababu hamruhusiwi kurudi mpaka hewa ibadilishwe. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu haiwezi tena kubeba oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, analegea, anasinzia. Wenzake wanasema, «Mwache, amechoka na mechi.» Kumbe hasinzii, anakufa.

Hii si hadithi ya kutisha watu. Mwaka 1992 watafiti wawili wa mji wa Seattle, Marekani, waliandika juu ya watoto 20 waliotibiwa kwa sababu ya gesi hiyo, wote wakiwa wamepanda nyuma ya kamioneti zilizofunikwa. Watoto 17 walikuwa chini ya kibanda kigumu, na 3 walikuwa chini ya turubai. Kati ya wote, 15 walipoteza fahamu. Mmoja alikufa, na mmoja alibaki na ubongo ulioharibika. Katika magari yale yote, bomba la moshi lilikuwa linavuja, ao lilikuwa linatoa moshi nyuma badala ya pembeni. Basi mzazi asiseme, «Mimi ninatumia bashi tu, si kibanda.» Watoto watatu walikuwa chini ya bashi tu.

Wengine watasema, «Gari langu ni la masuti, si la esanse.» Ni kweli kwamba injini ya masuti inatoa gesi hiyo kidogo kuliko ya esanse. Lakini moshi wake nao si dawa. Mwezi wa Juni 2012 chombo cha utafiti wa kansa cha Shirika la Afya Duniani kiliuandika moshi wa masuti katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa mtu, na moja ya sababu ni uchunguzi uliofanywa kwa wafanyakazi wa migodi.

Ukimkuta mtu amelegea nyuma ya gari, fanya hivi bila kukawia: simamisha gari, zima injini, mtoe mpaka kwenye hewa safi, mlaze, na umpeleke kwa waganga upesi hata kama ameamka na kusema yuko mzima. Waambie waganga alikuwa amekaa wapi, ili wafikirie gesi na kumpa oksijeni. Na wote waliokuwa pamoja naye waangaliwe vilevile.

GALERI NZURI INAFANANAJE?

Galeri ni vyuma vya kubebea vitu virefu juu ya bene ao juu ya kabini. Inafaa kwa mabomba ya milango ya mpira, ngazi ya kufungia nyavu, na baiskeli. Ukitaka kuchagua, angalia mambo haya.

1. Miguu yake ishikwe wapi? Galeri ya bene ishikwe kwa buloni kwenye kingo ngumu za bene, si kwenye bati jembamba. Fundi akitoboa bene, tundu lipakwe rangi, la sivyo kutu inaanza hapo. Kama gari ni la kampuni, usitoboe wala usichomelee kitu bila ruhusa ya watu wa garaji. Chuma kilichochomelewa vibaya kwenye gari la kazi ni hatari utakayomwachia mwenzako.

2. Inabeba kilo ngapi? Juu ya paa la kabini, watengenezaji wengi hawaruhusu kuzidi kilo 100, na wengine wanaruhusu pungufu zaidi. Soma kitabu cha gari lako. Vitu vizito, kama maji na masanduku, vikae chini ndani ya bene, karibu na kabini. Juu wekeni vyepesi na virefu tu.

3. Ina kizuizi mbele? Mabomba yanayolala juu yanataka kuteleza mbele gari likipiga freni. Galeri iwe na chuma cha kukingama mbele, na mabomba yafungwe pahali pawili ao zaidi, pamoja na kamba moja inayoyavuta nyuma.

4. Baiskeli imesimama ao imelala? Ikisimama, ishikwe kwenye pine mbili na kwenye fremu. Ikilala juu ya nyingine, weka kipande cha mpira katikati. Pampu, mifuko na kitu chochote kinachotoka kiondolewe kwanza.

5. Inaficha nini? Galeri ao kibanda kisifunike taa za nyuma, plaki ya namba, wala kioo cha kutazamia. Na wewe ambaye kamioneti yako inaingia mgodini: taa inayozunguka na bendera ndefu vimewekwa ili shofa wa gari kubwa la mchanga akuone kutoka juu. Siku ya mechi mkiiondoa bendera ili mabomba yapite, irudisheni jioni ileile. Asubuhi ya kazi moja mtasahau, na shofa wa gari kubwa hatawaona.

Mabomba yakitoka nje ya gari, kuna sheria. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabara, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 1977, yanasema mzigo usihatarishe watu, usikokotwe chini, usianguke, usimzibe shofa macho, usifunike taa wala namba. Mzigo unaotoka zaidi ya mita 1 mbele ao nyuma ya gari lazima uonyeshwe kwa alama. Mchana funga kitambaa chekundu kinachoonekana vizuri. Usiku kitambaa hakitoshi: weka taa nyekundu na kitu chekundu kinachorudisha mwanga upande wa nyuma. Mechi inaisha saa kumi na mbili jioni, giza linaingia upesi kwetu. Taa hiyo iwe ndani ya sanduku tangu asubuhi.

KAMBA, MIKANDA NA SHAMBERI

Galeri ya bei kubwa ikifungwa kwa kamba iliyooza ni kazi bure. Hapa kwetu watu wanapenda vipande vya shamberi ya pine, kwa sababu havina bei. Shamberi ni nzuri kwa kushika kitu chepesi kisipigepige. Kwa kitu kizito ni mbaya, kwa sababu mpira unavutika: gari likiruka shimo, mzigo unaruka nao, na mpira unauacha utoke. Vile vya mpira vyenye ndoano mwishoni vina ubaya mwingine. Vikiponyoka vinarudi kwa nguvu kwenye uso, na vimepofusha watu. Ukivifungua, geuza uso pembeni.

Kwa bidoni, masanduku na mabomba, tumia mikanda bapa yenye chuma cha kukazia. Mkanda mzuri una kipande cha kitambaa kilichoshonwa kinachoonyesha nguvu yake na umetengenezwa na nini. Rangi ya kipande hicho ina maana: bluu ni poliesta, kijani ni nailoni, kahawia ni polipropilini. Mfanyakazi wa kiwanda cha shaba na kobalti lazima ajue tofauti hii. Nailoni inaliwa na asidi. Poliesta inavumilia asidi vizuri zaidi, lakini chokaa na soda kali vinaiharibu. Mkanda uliolala wiki nzima ndani ya bene iliyomwagikiwa asidi unaweza kuonekana mzima, na siku ya posho ukakatika kama uzi. Mikanda ya mpira iwe na sanduku lake, isichanganywe na mikanda ya kazi. Jua nalo linaumaliza mkanda polepole: ukiona umekuwa mkavu, umepauka, ao una nyuzi zilizokatika, ukate vipande viwili na kuutupa, ili mtu mwingine asiuokote na kuutumia.

Baada ya kilomita chache za kwanza simama, kaza tena. Mzigo ukitikisika unajipanga upya, na mkanda unalegea wenyewe.

OSHA BENE KABLA YA JEZI

Bene ya kazi inabeba mambo mengi: mifuko ya madini, chokaa, dawa za kiwanda, mafuta, betri. Ukiweka jezi na mipira juu ya mabaki hayo, jasho la mchezaji linayachanganya na ngozi yake, na mama anayefua jezi anayapokea mikononi. Vumbi la mawe ya mgodi likikauka na kupulizwa na upepo linaingia katika mapafu ya yeyote aliye karibu.

Kwa hiyo osha bene kwa maji mengi siku moja kabla, pahali pa kuoshea magari, si karibu na kisima wala pahali watoto wanapocheza. Usifagie ikiwa kavu, lowesha kwanza. Kama asidi ao dawa ya kiwanda ilimwagika, usijifanye mjuzi: waulize watu wa usalama wa kiwanda namna ya kuisafisha. Kisha tandika shuka la plastiki ao ubao safi ulio wa ekipi tu. Maji ya kunywa yasiwekwe kamwe ndani ya bidoni iliyowahi kubeba kitu kingine, hata kama «imeoshwa sana».

NA WACHEZAJI WAENDE NA NINI?

Hapa ndipo msomaji atasema: «Ukurasa wa usalama unasema vizuri, lakini basi linakodiwa kwa feza, na ekipi yetu haina.» Tunalijua jambo hilo, na hatulidharau. Lakini tulipime vizuri.

Kamioneti ya kabini mbili inabeba watu watano ndani, kila mmoja na mkanda wake. Basi waende humo shofa, mwenye kuongoza ekipi, na wale wanaotangulia kupanga vyombo. Wengine wapande basi la abiria. Mechi inajulikana majuma mengi mbele. Mchango mdogo wa kila siku ya posho unakusanya nauli kabla ya safari. Ekipi mbili za kambi moja zinaweza kukodi basi moja. Kama kampuni ina basi la kupeleka watu kazini, mwombe mkubwa wa magari mapema na kwa barua, si asubuhi ya mechi. Na kama njia ni fupi, ekipi ifike mafungu mawili. Mechi inaweza kungoja nusu saa. Mguu uliovunjika unangoja miezi, na kaburi halingoji kitu.

Tena fikiri hivi. Feza ambayo ekipi ilitaka kuitoa kwa kibanda kikubwa cha gharama, kwa sababu «watoto watakaa humo», inatosha labda kununua bashi zuri, mikanda mitano mizuri, na kubakiza nauli za safari nyingi. Kuchagua kifuniko kidogo ni kuchagua basi.

KABLA YA KUWASHA GARI

Shofa na mkubwa wa ekipi wazunguke gari pamoja na kujiuliza:

— Uzito wote, pamoja na galeri na kifuniko, hauzidi ule wa plaki?
— Vizito viko chini na karibu na kabini?
— Kila kitu kimefungwa chenyewe, hata kabla ya bashi?
— Mabomba yamefungwa pahali pawili, na yana kizuizi mbele?
— Alama nyekundu ipo, na taa ya usiku ipo?
— Taa, namba na vioo vinaonekana?
— Bomba la moshi halivuji?
— Bene imeoshwa, na maji ya kunywa yako safi?
— Hakuna mtu nyuma, juu ya mzigo wala chini ya bashi?

Jibu la ulizo la mwisho likiwa «yupo mmoja tu, mtoto mdogo», gari lisitoke. Huyo mmoja ndiye tuliyemwandikia ukurasa huu.

Shofa, ufunguo uko mkononi mwako. Kepteni wa ekipi anaamuru kiwanjani, baba anaamuru nyumbani, lakini barabarani mkubwa ni wewe. Watakucheka, watasema unaogopa, watasema juzi tulipanda ishirini na hakikutokea kitu. Waache waseme. Ngojea mpaka wa mwisho ameshuka, ndipo uwashe.